Roda

Petroli ilipopita elfu tano na mia sita
niliuza injini, nikarudi kwenye tanga.
Upepo, nilisema, hauna stakabadhi.
Nilisema hivyo mbele ya watu, hapa Majanji,
mkono kiunoni, kama mtu aliyeuziwa ziwa.

Sikujua kwamba upepo una wakala wake Busia,
anakaa nyuma ya kaunta ya mbao,
kalamu sikioni, jina lake Magero.

Mwaka juzi roda ilikuwa elfu kumi na nane.
Najua, kwa sababu nilinunua na soda juu.
Mwaka jana thelathini. Soda nikaiacha.
Jumanne hii Magero kaipangusa vumbi kwa shati,
akaiweka mbele yangu taratibu, kama yai:
sitini na tano.

"Ya dhahabu?"
"Ya chuma, Taaka. Dola imepanda."

Dola imepanda! Kila mwaka inapanda,
nami sijawahi kuiona ikishuka mwaloni
hata kunyoosha miguu.

Nikauliza pingu. Zamani zilikaa kwenye ndoo,
unachota kama njugu, unahesabiwa.
Sasa kila moja ina mfuko wake wa nailoni,
na parafujo yake inauzwa kando.
Kamba ya henza anaipima kwa hatua za mwanawe,
maana mtoto ana miguu mifupi.
Nilinunua hatua nne. Nilihitaji kumi na moja.
Palipobaki nimeunga kwa kamba ya mbuzi;
mbuzi siku hizi analala ndani, na sisi.

Sasa, habari ya mlingoti wa bendera.

Shule ya msingi iko juu ya mwalo.
Kila asubuhi watoto wanapandisha bendera
na roda ya mlingoti inalia: kwi, kwi, kwiii.
Ililia hivyohivyo nikiwa darasa la tatu,
siku niliyopewa mimi kuvuta kamba
na korongo wa bendera akapanda kichwa chini,
nikachapwa.
Roda ya shaba, ile. Kazi ya zamani.
Niliitazama wiki nzima, sikufichi,
kama fisi anayesubiri mkono wa mpita njia udondoke.

Alhamisi asubuhi, kimya.
Mwalimu Egesa kasimama chini ya mlingoti,
mikono nyuma, macho juu,
watoto mistarini wimbo umewakwama kooni.
Baadaye ikaletwa ngazi, bendera ikagongomewa misumari.
Haishuki jioni tena. Mvua inainyeshea.
Nyekundu imeanza kuvuja ndani ya njano.

Watu wakanitazama mimi. Nani hakujua
kwamba roda yangu ina ufa wa kuingia ukucha?
Nikanyamaza. Anayejibu asiloulizwa
amekwisha kukiri.

Jumamosi, kabla ya alfajiri, niko majini hadi magotini,
nakumba maji chomboni kwa kopo la rangi.
Mtumbwi wa Mangeni, unaopeleka chumvi Sigulu,
ulikuwa ukitweka tanga.
Na katika giza lile nikasikia:
kwi, kwi, kwiii.

Nikasimama wima bila kutaka,
visigino pamoja.

Mangeni. Tulimzika mkewe Machi.
Mwaka ziwa lilipofurika alinikopesha nanga,
hakuuliza itarudi lini.
Juzi nilimwona akitoka kwa Magero mikono mitupu,
akijipapasa mifuko, eti kasahau pochi.

Nikatembea ndani ya maji mpaka ubavuni mwake.
Akaacha kuvuta. Tanga likasimama nusu,
kama bendera ya msiba.
Nikamnyooshea kibati changu cha grisi,
kilichobaki chote, cha elfu kumi na mbili.

"Paka," nikamwambia. "Paka sana,
kabla hakujapambazuka.
Inataja jina la shule."